Mada yako siyo tatizo lako: maana ya "tatizo la utafiti" kwa anayesoma biashara

Mwanafunzi wa biashara akiingia mwaka wa mwisho, salamu za bwenini hubadilika. Hakuna anayemuuliza kama amekula, anaulizwa, "Umepata topiki?", yaani mada ya ripoti ya utafiti ya kumalizia chuo. Akishaipata anajiona kamaliza nusu ya kazi. "Athari za huduma za fedha kwa simu katika ukuaji wa biashara ndogo, mkoa wa Dar es Salaam." Inapendeza, ina uzito, mtu anaiona kabisa ikiwa imechapwa kwa herufi za dhahabu kwenye jalada gumu. Anaandika kurasa tatu, anampelekea msimamizi. Wiki mbili baadaye zinarudi na maneno matatu pembeni, kwa wino mwekundu: "Tatizo liko wapi?"

Hapo wengi huchanganyikiwa, maana matatizo wameyaandika tele. Mitaji hakuna, riba iko juu, ajira ngumu, kodi nyingi, wafanyabiashara hawana elimu. Ukurasa mzima ni vilio. Na bado mtu anauliza tatizo liko wapi, utadhani hakusoma.

Alisoma. Ni kwamba wewe na yeye mnatumia neno moja kwa maana mbili. Mtaani tatizo ni shida, kitu kinachouma. Kwenye utafiti, tatizo ni jambo lisilojulikana, ambalo kuna mtu anahitaji kulijua, na ambalo wewe, kwa miezi na nauli ulizonazo, unaweza kulitafuta ukalipata. Riba kuwa juu ni shida, lakini siyo fumbo, kila mtu anaijua. Kiswahili chenyewe kinatoa mwanga hapa. Tatizo, utata, kutatiza, kutatua, yote yanatoka kwenye "tata", yaani uzi uliojisokota hadi huoni ncha yake. Kutatua ni kuufungua uzi huo, kama vile kufungua ni kuondoa kufunga. Anayelia kwamba uzi umetatizana hajafanya utafiti bado. Utafiti huanza pale unapoonyesha fundo lilipo.

Tuchukue ile mada ya fedha kwa simu tuitafutie fundo. Maandishi kuhusu jambo hili ni mengi mno, hasa kutoka Kenya ambako M-Pesa ilianza Machi 2007. Tanzania ilifika mwaka uliofuata. Kwamba huduma hizi zimerahisisha malipo, hilo limeandikwa mpaka limechosha. Ukienda kuwauliza wenye maduka 80 kama simu imewasaidia, watakujibu ndiyo, na utakuwa umetumia miezi sita kuthibitisha kilichojulikana kabla hujazaliwa kitaaluma.

Sasa acha maandishi, panda daladala, shuka Kariakoo. Ingia duka la nguo, chagua shati, uliza kama unaweza kulipa kwa Lipa Namba, ile namba ya duka ya kupokelea malipo ya simu. Kibandiko kipo ukutani, tena viwili vitatu, kila mtandao na rangi yake. Kijana wa dukani anakitazama, anakutazama wewe, anasema, "Hiyo ya bosi, kaka, nayo bosi hayupo. Nirushie kwenye hii yangu, au kama una keshi nipe keshi." Toka, ingia duka la pili, uliza tena. Ukikutana na jibu la namna hiyo mara tatu nne, umeshika ncha ya uzi. Huduma ipo, imewekwa, haina ugumu wa kutumia, na bado anayepaswa kuitumia anaikwepa. Kwa nini?

Hilo ndilo tatizo la utafiti. Halijulikani, kwa sababu majibu yanayowezekana ni mengi na yanapingana. Pengine mwuzaji hawezi kuona kama pesa imeingia, kwa kuwa laini anayo mwenye duka. Pengine mwenye duka anaogopa kwamba kila muamala ni alama atakayokuja kuulizwa na mtu wa kodi. Pengine anayemuuzia kwa jumla anataka keshi, kwa hiyo kuweka pesa kwenye simu ni kujiongezea gharama ya kuitoa. Kila jibu lina hatua yake: la kwanza linatatuliwa na kampuni ya simu, la pili linahusu mamlaka ya kodi, la tatu ni la wauzaji wa jumla. Ndiyo maana kuna wanaohitaji kujua ni lipi lenye nguvu zaidi.

Ukiwa na fundo la namna hii, kazi nyingine hazikusumbui sana. Malengo mahususi yanajiandika: kubaini nani hasa anashika laini, kubaini hofu ya kodi ina uzito gani, kubaini malipo ya keshi kwa wauzaji wa jumla yanavyoathiri uamuzi wa dukani. Matatu yanatosha. Nimesoma rasimu zenye malengo saba na mwandishi wake hajaenda hata mtaa mmoja.

Kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vyote. Vyuo vyetu vinafundisha biashara kwa Kiingereza na ripoti huandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha kitaaluma kina maneno mapana yanayoweza kuficha utupu kwa kurasa kumi. Kwa hiyo kabla hujaandika, simulia tatizo lako kwa Kiswahili kwa mtu asiye msomi wa mambo hayo. Shangazi anayeuza vitenge anafaa sana. Akikwambia "sasa hilo si linajulikana, mwanangu," rudi mezani. Akikwambia "eti eeh, kwa nini lakini?" kisha akaanza kukupa visa vyake, anza kuandika usiku huohuo.

Mapitio ya maandiko nayo hubadilika ukiwa na tatizo. Asiye nalo hukusanya vipande: fulani alisema hivi, fulani alisema vile, aya kwa aya, kama orodha ya wageni wa harusi. Mwenye nalo husoma akitafuta kitu kimoja tu, nani amelikaribia fundo hili na aliishia wapi. Hicho walichoacha ndicho kinachoitwa pengo la utafiti. Angalia tu usije ukadhani "utafiti huu haujawahi kufanyika wilaya ya Temeke" ni pengo. Ni kweli haujafanyika Temeke. Haujafanyika Kisarawe pia. Lazima useme Temeke ina nini kinachoweza kubadilisha jibu.

Nadharia ndiyo inayonikera zaidi, niseme ukweli. Wanafunzi wa biashara wakiona neno teknolojia tu, wanachukua modeli ya kukubalika kwa teknolojia ambayo Fred Davis aliitoa mwaka 1989, inayosema kwa ufupi kwamba mtu hutumia teknolojia akiona ina manufaa na ni rahisi. Ni modeli nzuri. Lakini irudishe kwenye lile duka: mwuzaji anaona manufaa, anaona urahisi, ila laini siyo yake. Modeli inamzungumzia mtu mmoja anayejiamulia, na dukani kuna watu wawili, mwenye mali na anayemfanyia kazi, kila mmoja na maslahi yake na siri zake. Nadharia ya wakala na mwenye mali, ambayo wanafunzi wa uhasibu na fedha wanaikariri kwa ajili ya bodi za makampuni makubwa, inakaa hapa kama imekatiwa kipimo. Kama ungechagua nadharia kwa kuangalia ripoti ya kaka yako aliyemaliza mwaka juzi, usingeiona.

Kwenye sampuli, yaani wale wachache utakaowahoji kwa niaba ya wote, karibu kila mtu anatumia kanuni ya Yamane: unachukua idadi ya walengwa, unaigawa kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kosa linalovumilika likiwa limezidishwa kwa lenyewe. Maduka 400 kwa kosa la asilimia 5 yanakupa sampuli ya 200. Ukivumilia kosa la asilimia 10 unapata 80. Hesabu haina shida. Shida ni kwamba kanuni hii inadhani una orodha ya maduka yote 400 na umechagua bila upendeleo, kila duka likiwa na nafasi sawa. Kama huna orodha, na ukweli ni kwamba ulimhoji yeyote aliyekubali kukukaribisha kiti, sema hivyo. Wahojiwa 40 waliopatikana kwa njia unayoweza kuieleza wana thamani kuliko 200 waliopatikana kwa kanuni ambayo hukuifuata. Tena kwa swali letu la "kwa nini", mahojiano marefu na watu 15 huenda yakakupa zaidi ya dodoso lenye ngazi tano za "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa". Hakuna mwenye duka atakayeweka tiki kwenye sentensi inayosema "ninaikwepa kodi".

Ratiba ihesabu kurudi nyuma, kuanzia siku ya kukabidhi. Mtu anayehesabu kwenda mbele kila mara anajikuta na nafasi kubwa ambayo haipo. Barua ya utambulisho kutoka chuoni inaweza kula wiki, na barua hiyo ikifika ofisi unayoitaka inaweza kulala kwenye trei ya karani wiki nyingine mbili. Desemba dukani hakuna wa kukujazia dodoso, watu wanauza. Juni ukimwendea mhasibu wa taasisi ya umma unajitafutia lawama, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 na yeye halali. Na kama tatizo lako linategemea takwimu za ndani za kampuni moja, jiulize leo utafanya nini wakikujibu kwamba hiyo ni siri. Wanaosoma fedha wana bahati kidogo: kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam hutoa taarifa zao za mwaka hadharani, na benki huchapisha hesabu zao kila robo mwaka. Tatizo zuri linaweza kupatikana humo bila kumbembeleza mlinzi wa geti yeyote.

Pale ratiba inapovunjika ndipo watu wanapopika data. Nalisema kwa jina lake la vijiweni maana kila aliyepita chuo analijua. Dodoso 80 zinajazwa na marafiki wanne usiku mmoja chumbani, mbele ya sahani ya chipsi. Wanasahau kwamba data iliyopikwa inanuka. Rangi ya kalamu ni mbili tu. Hakuna aliyeruka swali, hakuna aliyechoka akaishia ukurasa wa pili, hakuna aliyeandika umri wake mahali pa miaka ya biashara. Hakuna hata mmoja aliyejibu "sijui". Watu wa kweli hawajazi hivyo. Msimamizi aliyesoma dodoso halisi kwa miaka kumi anaijua ile harufu kabla hajafungua programu ya takwimu. Siku hizi kuna aina nyingine ya mapishi, ya kuiomba akili mnemba ikuandikie mapitio ya maandiko. Itakuandikia vizuri sana, na inaweza kukutajia makala za watu ambao hawajawahi kuziandika. Msimamizi akitafuta moja tu akaikosa, atazitafuta zote.

Matokeo yakipingana na ulichotegemea, usiyakunje. Tuseme hofu ya kodi, uliyodhani ndiyo kiini, haikutajwa na wengi, na karibu kila mwuzaji alisema "laini ya bosi". Hilo ni jibu, tena tamu, kwa sababu linaondoa kitu ambacho watu wamekuwa wakikisema bila kukipima. Kazi ya sura ya nne, ile ya matokeo, ni kuliweka wazi hata kama linaiaibisha sura ya kwanza.

Sura ya tano, ya hitimisho na mapendekezo, wengi huiandika wakiwa wamechoka, ndiyo maana mapendekezo yake yanafanana nchi nzima: "serikali iandae mazingira wezeshi," "elimu itolewe kwa wafanyabiashara." Pendekezo lenye afya linarudi kwenye fundo na kumtaja wa kulifungua. Kampuni ya simu imruhusu mwenye duka kumpa mwuzaji uwezo wa kuona malipo yaliyoingia bila kuweza kuyatoa. Ni sentensi moja, na mtu wa kampuni akiisoma anajua Jumatatu ampigie nani.

Kabla ya kwenda kwa fundi wa majalada, rudi sura ya kwanza, ya tatizo, na ya tatu, ya mbinu, uziandike upya. Zilitoka kwenye pendekezo la utafiti, ule mpango ulioandika kabla ya kwenda dukani, kwa hiyo zimejaa "utafiti utafanyika" na "wahojiwa watachaguliwa", wakati wahojiwa hao ulishawahoji, wawili walikufukuza, na mmoja alikuuzia shati. Badilisha nyakati. Kisha tazama maelezo ya tatizo kama bado ni yaleyale uliyoanza nayo. Mara nyingi huwa siyo, maana dukani ulijifunza swali halisi lilikuwa lipi. Andika hilo ulilolijibu, hakikisha msimamizi ameliona na kuliridhia, halafu ndiyo upeleke kazi ikafungwe.