Seli nyeupe hazikai kwenye damu tu, na mtoki sio damu chafu

Kuna watu bado wanaamini seli nyeupe zinaishi kwenye damu tu, zinazunguka kama daladala zikisubiri mdudu atokee. Hapana jamani. Limfosaiti, aina mojawapo ya seli nyeupe, zilizopo kwenye damu muda wowote ni kama 2% tu ya zote, nyingine ziko kwenye matezi (yale yakivimba tunaita mtoki), bandama, utumbo, na kwenye tezi haziingii kwa kujichuja tu kama tui kwenye chujio, kuna mlango maalum.

Na mlango wenyewe ndo utamu ulipo. Ndani ya tezi kuna vishipa vya damu vyenye ukuta wa seli nene nene, limfosaiti ikipita pale inanasa kidogo kwa protini yake inaitwa L-selektini, inabiringika ukutani polepole huku damu inaisukuma, halafu inakutana na kemikali ya kuiita, CCL21, hapo integrini zake, yaani protini za kushikilia, zinakaza, inaganda kabisa, kisha inajipenyeza hadi ndani. Isipoganda inasombwa na damu inaenda zake. Bandama haina vishipa hivyo, ina njia yake yenyewe.

Mtafiti James Gowans kule Oxford ndo alionyesha, miaka ya 1950 na 60, kwamba hizi seli zinatoka kwenye damu zinaingia kwenye limfu, yale majimaji yanayopita kwenye matezi, alafu zinarudi tena kwenye damu. Kwahiyo ukiona mtoki umevimba kinenani baada ya kidonda cha mguu usiseme damu imechafuka, ni seli zimeitwa nyingi, zimezuiwa kutoka kwa muda, na zingine zinazaliana humo humo.