Upepo sahihi wa tairi la pikapu maana yake nini?

Fundi wa pancha akishachomeka mpira wa kompresa kwenye valvu, swali lake huwa moja: “Nitie ngapi?” Wengi tunajibu 35, kwa kuwa ndiyo namba tuliyoizoea. Kwa gari dogo la familia jibu hilo halipotezi sana. Kwa pikapu linaweza kupotosha, kwa sababu pikapu hutoka asubuhi ikiwa tupu na kurudi na mifuko 15 ya saruji, yaani kilo 750, na sehemu kubwa ya uzito huo inakalia ekseli ya nyuma.

Kinachobeba gari ni hewa iliyofungiwa ndani ya tairi. Mpira peke yake hubeba kidogo sana. Tairi lenye psi 35 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa hewa, ndicho fundi anachokuuliza) husukuma kwa takribani kilo 2.5 kwa kila sentimita moja ya mraba. Likikaliwa na kilo 450, hulala chini mpaka eneo linalogusa barabara lifike kama sentimita 180 za mraba, karibu kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ongeza mzigo bila kuongeza upepo, nalo litalala zaidi. Ubavu utajikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, joto litapanda, na hapo ndipo tairi hupasuka katikati ya safari, tena mara nyingi kwenye lami nzuri ambako dereva amekaza mwendo.

Kwa hiyo upepo sahihi ni ule unaolingana na uzito uliopo juu ya tairi siku hiyo. Namba zake zipo kwenye kibandiko, mara nyingi katika nguzo ya mlango wa dereva. Pikapu nyingi huandikiwa za mbele na za nyuma, na za nyuma hupanda gari likijazwa mzigo. Ukikuta kPa badala ya psi, gawanya kwa 7: kPa 280 ni kama psi 40. Naomba usisome namba ya ubavuni mwa tairi ukadhani ndiyo hiyo. Ile ni mpaka wa juu wa tairi lenyewe. Aliyelitengeneza hakujua litafungwa kwenye gari gani.

Namba za kibandiko ni za tairi baridi, yaani gari limelala saa tatu au zaidi, au limetembea kilomita moja au mbili tu. Baada ya safari ndefu geji inaweza kuonyesha psi 4 hadi 6 zaidi. Usiupunguze upepo huo, maana tairi likipoa utakuwa umebaki na pungufu. Hali ya hewa nayo ina sehemu yake: tofauti ya nyuzi joto 10 hubadilisha kama psi 1.5 hadi 2. Aliyepima mchana Dar es Salaam akaamkia Njombe mwezi wa Julai atakuta upepo umeshuka, na tairi halina pancha.

Ukibadilisha matairi ukafunga yale mazito ya plai 8 au 10 (plai ni kipimo cha uimara wa tairi), kibandiko hakitoshi tena. Tairi la namna hiyo kwa kawaida huhitaji upepo zaidi ili kubeba uzito uleule, basi uliza jedwali la mtengenezaji wa tairi.

Kosa ninaloliona zaidi ni la baada ya kushusha mzigo. Saruji imeshuka, upepo wa nyuma umebaki uleule wa mzigo, na gari tupu linashika barabara ya changarawe. Tairi gumu halilali, hugusa kwa katikati tu. Kashata za kati, yaani meno ya tairi, huisha mapema, nyuma inarukaruka kwenye matuta na kuteleza kwenye kona. Dereva hulaumu springi. Kabla ya kugusa springi, pima upepo asubuhi gari likiwa baridi, urudishe upepo wa matairi ya nyuma kwenye namba ya gari lisilo na mzigo.