DOC kwenye chupa ya mvinyo wa Ureno: maana yake nini?

Lebo ya mvinyo wa Ureno mara nyingi hutanguliza jina la mahali kuliko jina la zabibu: Douro, Dão, Bairrada, Alentejo. Karibu na jina hilo huwa kuna herufi tatu, DOC, kifupi cha Denominação de Origem Controlada, yaani jina la asili linalosimamiwa kisheria. Zinakwambia kwamba zabibu zimevunwa ndani ya mipaka ya eneo hilo, ni za aina zinazokubaliwa huko, na mvinyo umetengenezwa kwa masharti ya huko, kuanzia kiasi cha mavuno kwa hekta.

DOC si ahadi kwamba mvinyo utakuwa mzuri. Wapo watengenezaji hodari wanaouza mvinyo wao kwa daraja la chini yake, Vinho Regional, kwa sababu tu wanataka kutumia zabibu ambazo sheria ya DOC yao haizitaji.

Mfumo wenyewe ni wa zamani. Katikati ya karne ya 18 mvinyo wa bonde la mto Douro ulikuwa ukiuzwa kwa wingi Uingereza, na tamaa ikaingia: mvinyo hafifu ulitiwa rangi kwa matunda meusi ya mti uitwao sabugueiro, na bei ikaporomoka. Mwaka 1756 waziri wa Mfalme José I, anayejulikana zaidi kama Marquês de Pombal, aliunda kampuni ya kusimamia biashara hiyo na kuamuru eneo lipimwe. Zikasimikwa nguzo za graniti zaidi ya 300, bikoni za wakati huo, na baadhi yake ziko mashambani hadi leo. Miti ya sabugueiro ikaamriwa ing'olewe. Si wote waliofurahi. Mwaka 1757 watu wa mji wa Porto waliandamana kuipinga kampuni hiyo iliyohodhi biashara yao, na Pombal akajibu kwa kuwanyonga baadhi yao. Ulinzi wa jina ulianza kwa mabavu, tusijidanganye.

Ndani ya mipaka hiyo ya Douro ardhi ni mawe ya shisti yaliyopasuka-pasuka, na mizizi hupenya kwenye nyufa kutafuta maji. Humo hustawi Touriga Nacional, Touriga Franca na Tinta Roriz, ingawa mashamba ya wazee huwa na aina nyingi zilizopandwa kwa kuchanganywa na huvunwa pamoja. Mvinyo wa Porto hutoka hapa: juisi ikiwa bado inachachuka na sukari haijaisha, humiminiwa pombe kali ya zabibu yenye kilevi cha asilimia 77, uchachukaji ukakoma, utamu ukabaki.

Kutegemea jina la zabibu pekee kunachanganya, kwani zabibu hubadili jina kila zikivuka kilima. Tinta Roriz ya Douro ndiyo Aragonez ya Alentejo, na Wahispania huiita Tempranillo. Fernão Pires ikifika Bairrada inaitwa Maria Gomes. Bairrada yenyewe inajulikana zaidi kwa Baga, zabibu nyeusi yenye ukakasi mwingi. Dão ina Encruzado kwa mvinyo mweupe, na kaskazini-magharibi kwenye mvua, katika DOC ya Vinho Verde, wanatamba na Alvarinho na Loureiro.

DOC ninayoipenda kuliko zote ni ndogo mno: Colares, pwani ya Atlantiki karibu na Sintra. Mizabibu yake hupandwa kwenye mchanga, na mkulima huchimba mchanga huo hadi aufikie udongo wa mfinyanzi ulio chini ndipo apande. Katika karne ya 19 mdudu filoksera, anayekula mizizi, aliteketeza mashamba ya Ulaya, na karibu kote ikabidi mizabibu ibebeshwe (iunganishwe) juu ya mashina ya Kimarekani, ambayo mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Kwenye mchanga mdudu huyo hawezi kuishi, hivyo zabibu ya huko, Ramisco, ikaendelea kusimama kwa mizizi yake yenyewe. Mizabibu hutambaa chini, na uzio wa matete huikinga na upepo wa bahari. Kilichoishinda Colares ni nyumba: viwanja vya kujenga vilipanda thamani kuliko mashamba.

Masharti ya DOC yanaweza hata kushika kalenda. Alentejo kuna mvinyo uitwao Vinho de Talha, unaochachukia ndani ya mitungi mikubwa ya udongo pamoja na maganda yake. Anayetaka kuandika jina hilo kwenye lebo lazima auache mvinyo humo na maganda yake hadi tarehe 11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martin. Akiutoa tarehe 10, atafute jina jingine.