Kabla ya kushusha umri wa kunywa pombe, tumtazame mtoto anayetumwa chupa

Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye ameanza mwaka wa kwanza chuoni Kasapa, aliniuliza jambo ambalo wazazi na walimu wamekuwa wakiniuliza kwa namna nyingine: "Mjomba, Ujerumani kijana wa miaka 16 ananunua bia bila kuulizwa neno. Kwa nini sisi tungoje 18?" Rafiki yake aliyekaa kando akaongeza kwamba hata Marekani, ambako umri ni 21, kuna wasomi wanaotaka ushushwe. Niliwajibu kwa kifupi nikaahidi kuandika kwa urefu. Mimi ni daktari wa watoto hapa Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), na usiku mwingi wa Jumamosi nimeupitia katika idara ya dharura. Kwa hiyo ninaandika nikiwa na msimamo, na msimamo wenyewe ni kwamba umri huo usishushwe. Lakini sababu yangu kubwa si ile ambayo vijana hawa waliitarajia.

Nianze na Marekani, kwa kuwa wanaoitaja huchukua nusu tu ya habari yake. Mwaka 1971 Katiba ya nchi hiyo ilirekebishwa ili kijana wa miaka 18 apige kura, na hoja hiyo ya utu uzima ikaingia pia katika pombe: kati ya mwaka 1970 na 1975 majimbo 29 yalishusha umri wa kunywa. Barabara hazikukawia kutoa jibu. Ajali za madereva vijana waliokunywa ziliongezeka, na baadhi ya majimbo yakaanza kurudi nyuma yenyewe. Mwaka 1984 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria ambayo haikulilazimisha jimbo lolote, bali ilisema kwamba jimbo litakaloruhusu pombe chini ya miaka 21 litakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu, hadi asilimia 10. Kufikia mwaka 1988 majimbo yote yalikuwa yametii. Idara ya usalama barabarani ya nchi hiyo inakadiria kwamba sheria za umri wa 21 ziliokoa maisha ya watu zaidi ya 31,000 kati ya mwaka 1975 na 2017. Baadaye, mwaka 2008, John McCardell, aliyewahi kuongoza Middlebury College, aliwakusanya wakuu wa vyuo zaidi ya 100 watie saini tamko la kutaka mjadala ufunguliwe upya, kwa sababu waliona wanafunzi wao wakinywa kwa kujificha, kwa haraka na kwa wingi. Siidharau hoja yao, maana waliyaona hayo kwa macho yao. Hata hivyo umri haukushushwa, na takwimu za barabarani ndizo zilizokuwa kikwazo kizito.

Nchi ambayo ningependa mpwa wangu aijue zaidi ni New Zealand. Desemba 1999 ilishusha umri wa kununua pombe kutoka miaka 20 hadi 18. Watafiti walipolinganisha majeruhi wa ajali za magari kabla na baada ya mabadiliko hayo, waliona kwamba vijana wa miaka 18 na 19 waliumia zaidi ukilinganisha na wale wa miaka 20 hadi 24, na hilo halikumshangaza mtu. La kushangaza lilikuwa kwamba walioumia zaidi walikuwa pia watoto wa miaka 15 hadi 17, ambao sheria mpya haikuwaruhusu chochote. Maelezo yake ni mepesi: kijana wa miaka 18 anasoma na wa miaka 16, anacheza mpira naye, pengine wanalala chumba kimoja. Ukimfungulia mkubwa mlango, mdogo anapita chini ya mkono wake. Umri unaoandikwa katika sheria hauishii pale ulipoandikwa. Huwavuta na walio chini yake kwa miaka miwili au mitatu. Ukiandika 16, jiandae kumpokea hospitali mtoto wa miaka 13.

Sasa nije kwetu, maana hapa mlango unafunguka kwa namna ambayo wenzetu wa New Zealand hawaijui sana. Hapa mtoto hutumwa. Jua likizama katika mitaa yetu ya Katuba, Kenya au Ruashi, utamwona mtoto wa miaka minane au tisa akitembea upande wa barabara, chupa tupu mbili kwapani na noti zilizokunjwa ndani ya kiganja, akienda nganda, yaani baa ya mtaani, kumchukulia baba bia. Muuzaji anamjua kwa jina. Anazipokea chupa, anatazama kama midomo haijapasuka, anampa zilizojaa na chenji, kisha anamwambia asikimbie asije akaanguka. Hakuna mwenye nia mbaya katika jambo hilo lote. Baba amechoka, mama muuzaji ni jirani, mtoto anatii wakubwa kama alivyofundishwa. Lakini katika safari hiyo mtoto amejifunza bei, amejifunza harufu, amejifunza kwamba pombe ni kitu cha kawaida kama chumvi, na njia ya kurudi ni ndefu na yenye giza.

Kisa kimoja hakijanitoka. Ilikuwa Juni, ule msimu wa baridi kavu ambapo usiku wa Lubumbashi unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na saa nne usiku akaletwa mvulana wa miaka 12 akiwa amebebwa mgongoni na kaka yake. Alikuwa amelegea, ngozi baridi yenye jasho, na alinuka lutuku, pombe kali ya kienyeji. Kambo yake (kwetu babu au bibi huitwa hivyo), aliyefika nyuma yao akiburuta goti bovu, aliniambia kwa sauti ya chini: "Docta, nilimutuma tu aniletee kidogo, juu ya baridi. Hakukunywa mingi. Alionja mu njia." Muuguzi alikuwa tayari ameanza kumlaza pembeni ili pombe imtoke, kama tulivyozoea kufanya kwa walevi wakubwa. Nikaomba tumpime sukari kidoleni kwanza. Kipimo kilisoma 28, wakati hatutaki mtoto ashuke chini ya 60. Tulimpa glukosi kwenye mshipa, na kabla chupa ya serumu haijafika nusu alifumbua macho akauliza alipo.

Kilichotokea ndani ya mwili wake kinastahili kueleweka na kila mzazi. Mtu akikaa bila kula kwa saa nyingi, ini ndilo linalomlisha: kwanza hutoa sukari iliyowekwa akiba, kisha, akiba ikiisha, hutengeneza sukari mpya kutokana na vitu vingine vya mwili. Pombe ikiingia, ini huacha kazi hiyo ya utengenezaji ili lishughulikie pombe. Mtu mzima aliyekula bukari (ugali) jioni hatalihisi pengo hilo. Mtoto mwembamba ambaye hakula tangu asubuhi, na ambaye akiba yake ni ndogo tangu mwanzo, anaweza kushuka hadi kupoteza fahamu au kupata degedege kwa kiasi ambacho mtu mzima angekiita kuonja. Hatari kubwa ni kwamba anafanana kabisa na mlevi aliyelala, na harufu ya mdomoni inawathibitishia watu kwamba ndivyo ilivyo, basi wanamfunika blanketi na kumwacha. Ninaomba hili lishikwe hata kama mengine yote yatasahaulika: mtoto aliyekunywa na asiyeamka anapoitwa, mlaze kwa ubavu, usimwache peke yake, usimtie chochote mdomoni, mpeleke hospitali usiku uleule, na ukifika sema waziwazi kwamba alikunywa na kwamba hakuwa amekula. Na kuhusu baridi, pombe haipashi mwili joto. Inapanua mishipa ya ngozi, joto la ndani linakimbilia nje, na mtu anajisikia vizuri wakati anapoa.

Kiasi chenyewe watu hawakijui. Chupa yetu ya bia ya sentilita 72 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 29 za pombe halisi. Kifuko cha mililita 50 cha kileo cha asilimia 40, ambacho kinaingia katika mfuko wa kaptula ya shule bila kuonekana, kina gramu 16, zaidi ya nusu ya chupa hiyo kubwa, na kinamezwa kwa mikupuo miwili. Lutuku haina karatasi ya kusoma: hutokana na mahindi au muhogo uliochachushwa na kuchemshwa ndani ya pipa, mvuke wake ukapitishwa katika bomba lililopozwa kwa maji, na ukali wake hubadilika kila siku na kila mpishi. Anayeongezea alkoholi ya viwandani ili iwe kali anaweza kuleta methanoli, ambayo humfanya mtu aonekane amelewa tu, kisha baada ya nusu siku au zaidi macho yanaanza kuona ukungu, na wengine hubaki vipofu. Kwa hiyo hoja ya kwamba kijana wa Ujerumani anaruhusiwa bia kwa miaka 16 inasahau kwamba hata huko vileo vikali vinangoja 18, na kwamba huko kila chupa imeandikwa kilichomo. Wapo pia wanaosimulia kwamba mtoto wa Ulaya anayeonjeshwa mezani na wazazi hujifunza kunywa kwa kiasi, lakini sivyo: tafiti za wanafunzi wa miaka 15 na 16 zimeonyesha mara kadhaa kwamba wa Ulaya wanakunywa zaidi kuliko wenzao wa Marekani.

Kuhusu ubongo nitasema machache. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupima matokeo na kujizuia, hukomaa mwisho, karibu na miaka 25. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta kwamba katika wale walioanza kunywa kabla ya miaka 15, takriban asilimia 40 waliwahi baadaye kuwa watumwa wa pombe, lakini kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi walikuwa karibu asilimia 10. Haki inanidai niseme kwamba anayeanza mapema mara nyingi ana taabu nyingine nyumbani, kwa hiyo si kila kitu ni kosa la ule mkupuo wa kwanza. Hata nikitoa hesabu hiyo, tofauti inabaki kubwa mno kwangu kuipuuza.

Wapo wanaosema kwamba anayepiga kura anafaa kunywa. Kwetu kura ni 18, pombe ni 18, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya 18. Sioni mgongano wowote wa kutatua. Japani ilishusha umri wa utu uzima hadi 18 mwezi Aprili 2022, na umri wa pombe ikauacha 20.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la wale wanaoniambia: Docta, sheria yenyewe haifuatwi, sasa unaitetea ya nini? Ni kweli kwamba kupima umri kwetu ni kazi ngumu. Kitambulisho chetu cha kila siku ni kadi ya mpiga kura, na watoto wengi hawajaandikishwa walipozaliwa, ingawa Kanuni ya Familia inawapa wazazi siku 90. Muuzaji anayetaka kutofautisha miaka 17 na 18 hana cha kushika. Lakini mtoto wa miaka tisa mwenye chupa kwapani hahitaji kadi, macho yanatosha. Hapo ndipo ningeanzia: asiuziwe mtoto, hata akisema ametumwa, hata kama baba yake ni rafiki wa muuzaji. Sitaki askari watumwe kuwapiga faini mama wanaouza lutuku, wengi wao wakilipia watoto wao shule kwa fedha hiyo, kwa kuwa ninajua faini hizo zinaishia wapi. Ningetaka chefu wa mtaa, parokia na makanisa mengine, na shule, wazungumze na wauzaji na wazazi pamoja, wakubaliane, na anayekiuka aonwe na majirani.

Vifuko ni jambo la Serikali. Jirani zetu wa Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, walivipiga marufuku mwaka 2012, wao walikuwa wakiviita tujilijili. Tanzania ikafuata mwaka 2017 na Uganda mwaka 2019. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kodi, kupunguza mahali na saa za kuuzia, na kuzuia matangazo, na yote matatu yanamgusa zaidi mtu mwenye fedha kidogo mfukoni, ambaye mara nyingi ni kijana.

Yule mvulana wa Juni alirudi kupimwa baada ya wiki mbili, akiwa mzima. Kabla hajaondoka hospitalini nilikuwa nimeandika kwenye karatasi yake ya kutoka, chini ya dawa, kwamba asitumwe tena pombe, na kambo yake aliikunja karatasi hiyo bila kusema neno. Siku ya kurudi nilimuuliza kambo huyo nani humletea sasa. Akasema anaenda mwenyewe, polepole kwa ajili ya goti, na kwamba siku nyingine akifika kwenye mtaro njia inamshinda, anarudi nyumbani bila kununua.