Mjamzito na homa ya mafua: maswali ya akina mama wa Kigoma

Je, ni kweli kwamba mimba humwondolea mama kinga ya mwili?

Hapana, ingawa maneno hayo husikika sana kliniki. Mtoto aliye tumboni hubeba nusu ya vinasaba vya baba yake, na ili mwili wa mama usimkatae kama kitu kigeni, homoni za mimba, hasa projesteroni, hupunguza ukali wa baadhi ya chembe nyeupe za damu, zikiwemo zile zinazopambana na virusi. Uwezo wa kutengeneza kingamwili hubaki, ndiyo maana chanjo ya pepopunda anayochomwa mjamzito hufanya kazi.

Basi kwa nini homa ya mafua humlemea?

Kwa maoni yangu, mapafu husahaulika mno katika mazungumzo haya. Mimba inapokua, kiwambo kilicho chini ya mapafu husukumwa juu kwa takriban sentimita 4, na akiba ya hewa inayobaki mapafuni mama akishatoa pumzi hupungua kwa kama asilimia 20, ilhali mahitaji yake ya oksijeni yanaongezeka. Virusi vikishuka kifuani, mama huishiwa pumzi mapema. Katika mlipuko wa homa ya mafua wa mwaka 2009, wajawazito nchini Marekani walikuwa takriban asilimia 1 ya watu wote, lakini walifikia kama asilimia 5 ya waliofariki kwa homa hiyo. UVIKO-19 nao uliwaelemea, na uliongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati.

Nikipata homa, ninywe mseto (dawa ya malaria) kwanza?

Pima kwanza. Kigoma malaria ni nyingi, kwa hiyo kila homa ya mjamzito ipimwe malaria siku hiyohiyo. Lakini kipimo kikionyesha hakuna, au kikohozi kikiendelea licha ya dawa, mseto hautaua virusi, wala vidonge vya SP vya kukinga malaria mnavyopewa kliniki havikingi mafua. Antibayotiki pia haziui virusi. Parasetamoli hushusha homa. Ibuprofeni na diklofenaki msijinunulie dukani. Ipo dawa ya virusi vya mafua, oseltamivir, ambayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku mbili za kuugua.

Ni wakati gani wa kukimbilia hospitali?

Ukihema kwa shida ukiwa umekaa, kifua kikibana, midomo ikiwa ya bluu, ukichanganyikiwa, au mtoto akipunguza kucheza. Anayeishi vijiji vya mwambao, ambako safari hutegemea boti na hali ya ziwa, aondoke mapema, kabla ya kuzidiwa.

Chanjo ya mafua ina faida gani?

Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa wajawazito, kwani haina virusi hai, na kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma zikamlinda mtoto, ambaye hawezi kuchanjwa mafua kabla ya miezi 6. Ulizia kliniki kama inapatikana.

Nikiugua baada ya kujifungua, niache kunyonyesha?

Usiache. Nawa mikono kwa sabuni, vaa barakoa, mnyonyeshe.