Meli isiyofika vitani

Nikiwafundisha vijana wa maigizo hapa Lamu jinsi kicheko na msiba vinavyokaa chombo kimoja, huwawekea "Mister Roberts", filamu ya mwaka 1955. Meli yenyewe ni ya jeshi la majini la Marekani, ila kazi yake ni kubeba shehena tu huko Pasifiki, Vita vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni. Mapigano yako kwingine.

Baharia wa jahazi hahitaji kuelezwa hapo. Aliyewahi kulala juu ya boriti, upepo umekufa na nahodha ana kisirani, anamjua adui wa kwanza chomboni. Nahodha wa filamu, James Cagney, anawakataza watu wake kuvua mashati joto lote lile. Kipenzi chake ni mti wa jamii ya mnazi uliopandwa ndooni, tuzo ya kufikisha mizigo mingi. Watazamaji wa Lamu huvunjika mbavu: mnazi nao wa kulindwa?

Hebu uangalie mti huo unavyotumika. Roberts, afisa wa meli hiyo (Henry Fonda), anaomba uhamisho aende vitani. Nahodha anamkatalia, maana Roberts ndiye anayeiendesha kazi. Wanapatana faraghani: mabaharia wapewe ruhusa ya kushuka bandarini, naye akome kuandika maombi. Wenzake, wasiojua lolote, wanamwona kajipendekeza kwa mkubwa. Usiku mmoja uvumilivu unamwisha, anautupa mti baharini. Nahodha anamjia juu, ugomvi unatoka kwenye vipaza sauti, meli nzima inaisikia siri. Tukio moja limechekesha, limefichua na limemsafisha mtu jina.

Povu la sabuni linalofurika ujia baada ya mlipuko wa chumba cha kufulia, kwangu limezidi chumvi. Waongozaji walikuwa wawili, John Ford kisha Mervyn LeRoy, na mshono unaonekana.

Vijana wangu hupenda kifo kitangulizwe na muziki mzito. Hapa Roberts keshahama, na habari zake zinaletwa na posta. Pulver, afisa mwenzake waliyekuwa naye melini (Jack Lemmon, aliyepata tuzo ya Oscar), anasoma kwanza barua ya Roberts mwenyewe, iliyojaa furaha, halafu ya rafiki: ndege ya Kijapani ya kujitoa mhanga imeipiga meli yao, Roberts akiwa anakunywa kahawa. Pulver, ambaye tangu mwanzo alikuwa akimkwepa nahodha, anakwenda kuutupa mti mpya wa nahodha, kisha anaubisha mlango wa nahodha na kumfokea.