Anza na Shingo: Christian Daniel Rauch na Sanamu za Kale za Berlin

Ukisimama mbele ya sanamu ya kale ya Kiyunani au Kirumi, anza na shingo. Tafuta mstari mwembamba unaoizunguka marumaru. Mara nyingi kiwiliwili ni cha kale lakini kichwa, pua au mkono ni wa fundi wa karne ya 18 au 19. Mmoja wa mafundi hao ni Mjerumani Christian Daniel Rauch.

Alizaliwa Arolsen tarehe 2 Januari 1777. Alianza kujifunza uchongaji angali kijana, lakini kaka yake alipofariki mwaka 1797 ikambidi aingie utumishi wa jumba la kifalme la Prussia, ufalme wa Kijerumani wa wakati huo. Akawa mtumishi wa Malkia Luise. Patasi hakuiacha, na baadaye akapata nafasi ya kwenda Roma, alikofanya urafiki na mchongaji wa Denmark, Thorvaldsen. Luise alipofariki mwaka 1810, aliyekuwa mtumishi wake ndiye aliyepewa kazi ya kuchonga sanamu ya kaburi lake. Alimlaza kama mtu aliyepitiwa na usingizi, na hadi leo sanamu hiyo imo Charlottenburg, Berlin. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora, kuliko hata ile sanamu kubwa ya Mfalme Friedrich juu ya farasi, iliyozinduliwa Berlin mwaka 1851.

Kazi yake ya urekebishaji haijulikani sana. Kabla Makumbusho ya Kifalme ya Berlin hayajafunguliwa mwaka 1830, yeye na mwenzake Friedrich Tieck walisimamia ukarabati wa sanamu za kale. Watazamaji wa enzi hizo walitaka kuona mwili mzima, wala si kipande. Kwa desturi ya mafundi wa wakati ule, sehemu iliyovunjika ilichongwa ikawa bapa, ikatobolewa, ikatiwa chuma, kisha kiungo kipya cha marumaru kikapachikwa.

Chuma kikipata unyevu hushika kutu, kutu huvimba, na marumaru hupasuka kutoka ndani. Lakini mimi huumizwa zaidi na kule kuchonga bapa. Pua iliyoongezwa inaweza kuondolewa. Ukingo wa asili uliovunjika haurudi tena, na ukingo huo ndio ungetuonyesha kipande kipi kilitoka wapi. Ndiyo maana leo sisi warekebishaji tunapiga picha na kuandika kila hatua, na tunatumia chuma kisichoshika kutu na gundi inayoweza kutolewa.

Viungo vya mafundi hao navyo sasa ni urithi. Miaka ya 1960, huko Munich, viungo ambavyo Thorvaldsen aliziongezea sanamu za hekalu la Aegina, kisiwa cha Ugiriki, viliondolewa. Havikutupwa. Makumbusho yanavitunza, kwa kuwa navyo vilichongwa na mkono wa bingwa.